Sentromea za Santa Barbara: Maabara Iliyoivunja Kanuni Yake

Mwaka 1980, Louise Clarke na John Carbon wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza kwamba wameitenga sentromea ya hamira ya mkate. Hadi hapo sentromea ilijulikana kama kiuno tu cha kromosomu, pale inaposhikwa na kuvutwa seli inapogawanyika. Plasmidi, yaani kijipete cha DNA, ikitiwa katika hamira bila sentromea hupotea upesi, maana chipukizi nyingi huzaliwa bila kuipata. Iliyopachikwa kipande kile ilidumu. Na hamira ilipofanya kifuko chake cha spora nne, kwa kawaida mbili zilikuwa nayo na mbili hazikuwa nayo, sawa na kromosomu halisi.

Maabara hii husifiwa kwa ugunduzi huo, lakini sifa yake kubwa zaidi ilikuja baadaye. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikwisha kujulikana kwamba kipande cha herufi chache tu za DNA kinatosha kuwa sentromea ya hamira hiyo, na kishawishi cha kuifanya hiyo kanuni ya viumbe vyote kilikuwa kikubwa. Clarke akahamia Schizosaccharomyces pombe, hamira iliyopewa jina mwaka 1893 kutokana na pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki (neno letu wenyewe, basi). Humo sentromea ni makumi ya maelfu ya herufi. Mwaka 1994 yeye na mwenzake walionyesha kwamba DNA ileile, bila kubadilika herufi, yaweza kukaa bila kazi, kisha ikaanza kazi, na hali hiyo ikarithiwa.

Atakayepinga atasema ugunduzi wa kwanza ndio uliozaa matunda: mwaka 1983 Andrew Murray na Jack Szostak waliunda kromosomu bandia ya hamira kwa kutumia sentromea ya aina hiyo. Ni kweli, ila chombo hufanya kazi hata kama kanuni iliyokizaa haivuki hamira moja. Mwingine atakumbusha kwamba protini za sentromea za binadamu zilitambuliwa kwingine, kwa kingamwili za wagonjwa wa skleroderma. Nalo ni kweli, lakini waliozitambua hawakuwa na kanuni yao ya kutetea. Carbon alikuwa nayo. Mwaka 2004, Kaustuv Sanyal, Mary Baum na Carbon walichapisha sentromea za fangasi Candida albicans: kromosomu 8, kila moja na mfuatano wake usiofanana na wa nyingine. Jina la mwisho katika makala hiyo, kama katika ile ya 1980, ni la Carbon.