Paja la Jirani Yangu

Ukitaja Bombo redioni, wasikilizaji wengi hudhani ni ile hospitali ya mkoa iliyoko Tanga. Mimi leo nazungumzia Bombo ya Upare, wilayani Same.

Nilipokuwa mtoto, kijana mmoja jirani yetu alishikwa na maumivu ya paja. Paja likawa gumu kama gogo, homa ikapanda, lakini ngozi haikuwa na kidonda. Ikasemwa amerogwa. Akakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta. Wiki ya tatu alibebwa kwa machela hadi hospitali. Alipopasuliwa, usaha ulijaa beseni. Alipona, ila anachechemea hadi leo.

Ule haukuwa uchawi. Mwaka 1885 Julius Scriba, daktari Mjerumani aliyefundisha Tokyo, aliuandika ugonjwa huo wa majipu ndani ya misuli, na miaka ya 1960 madaktari wa Mulago, Kampala, waliuchunguza kwa makini. Aghalabu huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Hatari yake ni kujificha: siku za mwanzo usaha haujakusanyika, na sindano ya daktari hutoka kavu. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa vizuri, misuli kwa shida.

Ndipo MRI inapofaa. Sumaku kubwa na mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayobeba sauti yangu, huonyesha maji yaliyomo mwilini. Msuli wenye ugonjwa huvimba maji, ukang'aa kwenye picha kabla usaha haujakusanyika. Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Mansfield wa Uingereza wakapewa Tuzo ya Nobel.

Novemba 2015 Rais Magufuli aliikuta MRI ya Muhimbili imekufa. Akabadilisha uongozi, mashine ikatengenezwa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini mimi nilimkumbuka jirani yangu. Zile wiki tatu hazikupotea kwa kukosa sumaku; zilipotea nyumbani, tukichua. Akifika mapema, daktari mwenye kuujua ugonjwa huu humwanzishia dawa za kuua bakteria, na altrasaundi huweza kuonyesha usaha uliokusanyika. Basi, ndugu msikilizaji, paja likiwa gumu na homa ikipanda, weka chini chupa ya mafuta. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.