Bei, Uzito na Nguvu za Farasi: Nani Anaandika Namba?

Kwetu Gasorwe vijana wa pikipiki hubishana kila siku kuhusu pikipiki ipi ina nguvu. Mmoja huonyesha namba iliyoandikwa ubavuni: 100, 125 au 150. Mwenzake hujibu kwamba namba haipandi mlima. Nimegundua kwamba waandaaji wa mashindano ya magari waliwahi kukutana na ubishi huohuo, na kwamba Afrika Mashariki iliujibu kwa njia yake.

Mbio za Coronation Safari zilianza mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Waandaaji hawakuyagawa magari kwa ujazo wa injini. Waliyagawa kwa bei ya dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na magari ya bei hiyo hiyo. Swali lao lilikuwa la mnunuzi: kwa pesa hizi, gari gani litavuka matope na vumbi likafika?

Marekani walichagua njia nyingine. Chama cha NHRA, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Wally Parks, kilisimamia mbio za magari mawili mawili kwenye mstari mnyoofu wa robo maili, yaani mita 402 hivi. Kwa magari ya kawaida ya dukani, uzito uligawanywa kwa nguvu za farasi zilizotangazwa na kiwanda. Gari la ratili 3,400 lenye farasi 340 lina ratili 10 kwa kila farasi. Ratili hizo zikiongezeka, gari huwekwa daraja la magari ya polepole zaidi.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kiwanda kikitangaza farasi wachache kuliko waliopo, gari lake hushuka daraja na kukutana na wanyonge. Mwaka 1968 Ford ilileta injini ya 428 Cobra Jet na kuitangazia farasi 335. Mwanzoni mwa mwaka huo, huko Pomona, California, Al Joniec alishinda Super Stock akiendesha Mustang yenye injini hiyo. Wengi waliona kwamba namba ya karatasini ilikuwa ndogo mno. Ford haikuwa peke yake, na NHRA ililazimika kuzipandisha yenyewe namba za injini mbalimbali, ikitazama muda wa mbio badala ya tangazo la kiwanda.

Nikilinganisha njia hizi mbili, naona tofauti moja kubwa. Kupunguza farasi karatasini hakumgharimu mtangazaji chochote. Kupunguza bei kunamgharimu, kwa sababu lazima auze kwa bei hiyo. Kwa hiyo bei ilikuwa namba ngumu zaidi kudanganyia.

Hata hivyo bei nayo ilikuwa na upofu wake. Katika makoloni ya mwaka 1953 ilipanga magari ya wale tu walioweza kununua gari, na Waafrika wengi hawakuwemo. Tena bei ya gari jipya haikusema lolote kuhusu fundi na dereva. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Baadaye mbio hizo zilipoingia katika kalenda ya dunia, zilifuata kanuni za kimataifa, na ujazo wa injini ukachukua nafasi ya bei.

Nadhani tulipoteza kitu hapo. Kila kanuni ya kugawa madaraja inategemea namba, na mwanahistoria anapaswa kuuliza nani aliiandika na angepata hasara gani kama angedanganya. Vijana wa Gasorwe hawaulizi kiwanda. Hupakia magunia mawili ya maharage, wakaelekea mlimani, nasi tuliobaki chini tunasikiliza injini.