Kidonge Kimoja, Majina Kumi

Mama mkubwa alipoanza kuumwa magoti, mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kliniki. Siku moja nilimkuta kibarazani amezimwaga dawa zake zote kwenye sinia, anazitenga kwa rangi. Palikuwa na bahasha mbili ndogo za kaki. Ya kwanza ilitoka dirisha la dawa la hospitali, nayo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: parasetamoli, viwili kutwa mara tatu. Ya pili ilitoka duka la dawa la mtaani: Panadol, viwili kutwa mara tatu. Alikuwa akizimeza zote kwa utiifu, maana kila aliyempa alimsisitizia amalize dozi.

Nikapiga hesabu. Vidonge 12 kwa siku, kila kimoja miligramu 500, ni gramu 6. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku. Ukikivuka, ini liko hatarini. Nilipomweleza, aliniuliza: "Sasa mwanangu, kama ni dawa moja, kwa nini waliipa majina mawili?"

Swali la mama mkubwa limewashughulisha wafamasia na madaktari kwa zaidi ya nusu karne, na baadaye likawafikia wataalamu wa kompyuta. Mfumo wa hospitali ukiandika "parasetamoli" na wa duka ukaandika "Panadol", mashine haina namna ya kuhisi kwamba vinazungumzwa vidonge vya aina moja. Itaona maneno mawili, itahesabu dawa mbili, na itanyamaza pale ilipopaswa kumshtua mfamasia. Ili mashine zielewane, watu walilazimika kuelewana kwanza, na hilo lilichukua miaka mingi.

Majina matatu tangu kuzaliwa

Dawa ya kisasa huzaliwa na majina yasiyopungua matatu. La kwanza ni la kikemia, refu na gumu kulitamka. La pili ni jina la pamoja, ambalo kila mtu ana haki ya kulitumia. La tatu ni la kibiashara, nalo ni mali ya kampuni.

Chukua dawa hiyohiyo ya mama mkubwa. Kwa kikemia ni para-asetilaminofenoli. Waingereza walikata vipande vya jina hilo wakaunganisha, wakapata parasetamoli. Wamarekani walikata kwingine katika neno hilohilo, wakapata asetaminofeni. Kisha zikaja kampuni: mwaka 1955 McNeil iliiingiza sokoni Marekani kwa jina la Tylenol, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa Uingereza kama Panadol. Kwetu Panadol ilizoeleka hadi jina la biashara likageuka kuwa jina la dawa yenyewe. Anayeumwa kichwa humtuma mtoto Panadol, akaletewa parasetamoli ya kiwanda kingine, na maisha yakaendelea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Flagyl, ambayo ni metronidazoli, na Septrin, ambayo ni kotrimoksazoli.

Wakati mwingine biashara iliweza hata kuligawa jina la pamoja. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alifanikiwa kupata katika hali safi kichocheo kinachotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kampuni ya Parke-Davis iliiuza dawa hiyo kwa jina la Adrenalin. Kwa kuwa jina lilikuwa na mwenyewe, wataalamu wa Marekani walishika neno epinefrini, na Waingereza wakabaki na adrenalini. Mpaka leo sindano inayookoa maisha ya mtu aliyebanwa pumzi kwa mzio ina majina hayo mawili, na mhudumu wa dharura hana budi kuyajua yote.

Azimio la 1950

Shirika la Afya Duniani lilipoundwa baada ya vita, suala la majina lilikuwa miongoni mwa mambo liliyoyashughulikia mapema. Mwaka 1950 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuanzisha utaratibu wa majina ya kimataifa ya dawa, majina yasiyomilikiwa na mtu. Orodha ya kwanza ilitolewa mwaka 1953.

Waliobuni utaratibu huo walifanya jambo ambalo msemaji wa Kiswahili atalielewa upesi, kwa sababu lugha yetu inaishi kwa viambishi. Walikubaliana kwamba dawa za ukoo mmoja zibebe mwisho mmoja. Ukisikia amoksilini, ampisilini na kloksasilini, zile "silini" zinakuambia ni jamaa wa penisilini. Mgonjwa mwenye mzio wa penisilini anapaswa kuziogopa zote. Klorokwini, primakwini na amodiakwini zinajulikana kwa "kwini" yao kuwa ni ndugu katika vita dhidi ya malaria. Propranololi na atenololi, dawa za presha na moyo, zina "ololi." Kwa hiyo nesi akikutana na dawa ambayo hajawahi kuiona, jina lenyewe linaweza kumwambia inatoka ukoo gani.

Sharti lingine lilikuwa kwamba jina jipya lisifanane na la zamani kwa sauti wala kwa maandishi kiasi cha kuleta mkanganyiko. Anayesoma mwandiko wa daktari kwenye cheti kilichokunjwa mara nne anajua sharti hilo lina uzito gani.

Thalidomidi

Kuwa na jina la pamoja ni jambo moja, na watu kulitumia ni jingine. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi, ambayo wajawazito wengi waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ujerumani iliitwa Contergan. Uingereza ilikuwa Distaval, Sweden Neurosedyn, Canada Kevadon, Japani Isomin. Ilichanganywa pia na dawa nyingine na kuuzwa kwa majina mengine, kama Asmaval kwa wagonjwa wa pumu.

Mwishoni mwa 1961 Widukind Lenz huko Ujerumani na William McBride huko Australia walitoa tahadhari kwamba watoto waliozaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika walikuwa na uhusiano na dawa hiyo. Iliondolewa sokoni Ujerumani na Uingereza, lakini Canada iliendelea kuuzwa hadi mwaka 1962. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 waliathirika. Mama mwenye chupa ya Asmaval kabatini angewezaje kujua kwamba habari aliyoisoma gazetini kuhusu Distaval ilimhusu yeye?

Kutokana na msiba huo, mwaka 1968 nchi 10 zilianza kukusanya pamoja, chini ya Shirika la Afya Duniani, taarifa za madhara ya dawa. Kazi hiyo ilihamia Uppsala, Sweden, mwaka 1978, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Tangu mwanzo waligundua kwamba taarifa haziwezi kujumlishwa kabla majina hayajapatanishwa, hivyo wakatengeneza kamusi yao ya dawa. Leo hazina ya Uppsala ina taarifa zaidi ya milioni 30, na kila moja imepitia kwenye kamusi hiyo.

Miaka ya 1970 Wanorwe nao walibuni namna ya kuipa dawa herufi na namba kulingana na kiungo inachokitibu na kazi yake. Parasetamoli katika mpangilio huo ni N02BE01: N ni mfumo wa fahamu, N02 ni dawa za maumivu, na kadiri unavyosogea kulia ndivyo unavyoikaribia dawa yenyewe. Kituo cha Shirika la Afya Duniani kinachosimamia mpangilio huo kiko Oslo tangu 1982. Unasaidia sana kulinganisha matumizi ya dawa baina ya nchi. Hata hivyo haumwambii mfamasia kama aliyonayo mkononi ni kidonge au sharubati, wala kama ina miligramu 125 au 500.

Mashine zaingia dirishani

Pengo hilo lilionekana wazi kompyuta zilipoingia kwenye maduka ya dawa. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1972 iliyotaka kila dawa inayouzwa iorodheshwe, nayo ilitegemea namba ya taifa ya tarakimu 10 inayotaja kampuni, bidhaa na kifungashio. Kwa kuhesabu stoo, namba hiyo inafaa. Kwa kumhudumia mgonjwa ina kasoro kubwa: chupa ya vidonge 30 na chupa ya vidonge 100 vya dawa ileile, kutoka kiwanda kilekile, zina namba tofauti. Kompyuta inayofuata namba hizo tu inaona dawa mbili.

Kampuni zilizouza orodha za dawa kwa hospitali, kama First Databank, Medi-Span, Micromedex na Multum, kila moja ilikuwa na namba zake. Mfumo wa hospitali za wanajeshi wastaafu ulikuwa na za kwake. Mgonjwa akihama, taarifa zake zilihama kwa karatasi, au hazikuhama kabisa. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba makosa ya kitabibu yaliua kati ya watu 44,000 na 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo. Makosa ya dawa yalitajwa waziwazi.

Kuanzia mwaka 2001 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, chini ya uongozi wa Stuart Nelson katika kazi hiyo, ilianza kujenga RxNorm. Walijiuliza swali jepesi: mfamasia anahitaji kujua nini hasa ili atoe dawa sahihi? Wakapata mambo matatu: kiambato, nguvu na umbo. Asetaminofeni, miligramu 500, kidonge cha kumeza. Mambo hayo matatu yakifungwa pamoja hupewa namba moja, na kila jina la kampuni yoyote lenye maana hiyohiyo hufungwa kwenye namba hiyo. Kiambato peke yake nacho kina namba yake: asetaminofeni ni 161, aspirini ni 1191.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchambua punje kwa punje. Tazama sharubati ya amoksilini ya watoto. Chupa inasema miligramu 125 katika mililita 5, kwa sababu mililita 5 ndizo zinazojaa kijiko cha chai. Orodha nyingine ingeweza kuandika kiasi hichohicho kwa gramu, au kwa mililita moja. Kanuni ya RxNorm ni kwamba dawa ya maji ihesabiwe kwa mililita moja, basi chupa hiyo inakuwa miligramu 25 kwa mililita. Hesabu ya darasa la tano, lakini isipofanywa, mashine itaapa kwamba ni dawa tofauti.

Mimi naona hekima kubwa zaidi katika kile ambacho hawakukifanya. Kiswahili kilisanifishwa kwa kuchagua lahaja moja. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilikichukua Kiunguja kuwa msingi, na mtu wa Mombasa aliyezoea kusema "ndoo" akafundishwa shuleni kuandika "njoo." RxNorm haikumlazimisha yeyote kuacha msamiati wake. Kila mfumo ulibaki na majina na namba zake, na RxNorm ikakaa katikati kama mkalimani. Katikati ya miaka ya 2000 hospitali za wanajeshi wastaafu na zile za Wizara ya Ulinzi zilianza kubadilishana kwa njia hiyo taarifa za dawa na mzio. Dawa aliyopewa askari upande mmoja iliweza kumshtua mfamasia wa upande wa pili. Mwaka 2012 kanuni za serikali ziliitaja RxNorm kuwa lugha ya dawa katika mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa inayotaka kuidhinishwa. Inatolewa bure na kurekebishwa kila wiki.

Kutoka huko hadi kwetu

RxNorm iliundwa kwa dawa zinazouzwa Marekani, na nyingi za kwetu hazimo. Tatizo, hata hivyo, ni lilelile. Angalia dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia rasmi mwishoni mwa 2006. Mmoja huandika ALu, mwingine Coartem, mwingine artemeta na lumefantrini 20/120. Pakiti zake ni za vidonge 6, 12, 18 na 24, kulingana na uzito wa mgonjwa. Zahanati ikiripoti "10" bila kusema ni pakiti gani, bohari haiwezi kujua kama vimetoka vidonge 60 au 240. Nyuma ya tarakimu hiyo yupo mtoto atakayekuta rafu tupu msimu wa mvua.

Ndiyo maana ninaamini kwamba kila shilingi inayonunua kompyuta za hospitali inapaswa kutanguliwa na kikao cha watu wachache wenye subira: wafamasia, watu wa bohari, watu wa bima na mafundi wa programu, wakikubaliana dawa kwa dawa, kiambato, nguvu na umbo. Msingi tunao tayari, kwani orodha za dawa muhimu, tangu ile ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1977, zimeandikwa kwa majina ya pamoja. Kazi iliyobaki haina sherehe wala utepe wa kukatwa, lakini bila hiyo kompyuta mbili zitawekwa chini ya paa moja na zisijuliane hali.

Mama mkubwa sasa ana daftari dogo analokwenda nalo kliniki na dukani. Kwenye ukurasa wa kwanza nimemwandikia neno parasetamoli kwa herufi kubwa, na chini yake majina yote ambayo dawa hiyo huuzwa nayo mtaani kwao. Hasomi haraka, ila amezoea kulisogeza dirishani kabla hajapokea bahasha, na kuuliza, "Hii mnayonipa, humu haimo?"