Sinema ya Vugiri

Kati ya 1935 na 1937 filamu fupi 35 zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Mtu anayetoka Bagamoyo kwa barabara ya Kiwangwa hufika Msata, akashika njia ya kaskazini hadi Segera na Korogwe, kisha akapanda mlima. Huko juu kuna ubaridi. Kwa watu wa filamu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kanda ilisafishwa palepale kwa dawa na maji, na joto la pwani lingewasumbua.

Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka shirika la Carnegie la New York. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge Kenya, alishughulikia kamera na mitambo. G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa mafunzo. Waafrika waliigiza, wakatafsiri, wakasaidia na kazi za maabara.

Hadithi zenyewe zilikuwa za mawaidha. Moja ya filamu za mwanzo ilihusu akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake chini na mwizi anazifukua, mwenzake aliyeziweka posta anasalimika. Nyingine zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, chai na kodi. Kodi haikosi kushangaza katika orodha hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na faida yake humo.

Mtihani mkubwa ulikuwa sauti. Kanda ya milimita 16 ilichaguliwa kwa sababu ya unafuu, na maneno yakarekodiwa kando kwenye santuri. Kwa njia hiyo picha zilezile ziliweza kusemeshwa Kiswahili, Kiganda, Kinyanja au Kibemba kwa kubadili santuri tu. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Uwanjani ilitakiwa picha na santuri vianze pamoja na viende mwendo mmoja, la sivyo maneno hutangulia midomo au hubaki nyuma, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Mitambo ilipakiwa kwenye lori, ikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na watu wakakusanyika usiku kutazama.

Fedha zilipokwisha, serikali za makoloni hazikukubali kuubeba mradi, ukafungwa 1937. Mwaka huohuo Notcutt na Latham walitoa kitabu, The African and the Cinema, kinachoeleza vifaa, gharama, makosa ya kiufundi na jinsi watazamaji walivyopokea maonyesho. Filamu nyingi za Vugiri hazionekani tena. Zinazojulikana kuhifadhiwa ni chache, mojawapo ikiwa ile ya safura. Kwa hiyo historia ya kazi hiyo inasomwa zaidi kitabuni kuliko kwenye kanda, na kitabu kiliandikwa na wasimamizi wawili Waingereza. Waigizaji na wakalimani hawakuachiwa ukurasa wa kueleza kazi yao wenyewe.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kamera ilirudi Tanganyika, safari hii kwa filamu za Kiswahili zenye hadithi ndefu kidogo. Katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu 1962.