Waya wa kiwiko na safari ya Mwanza

Mtoto wa Kamachumu, wilayani Muleba, akiteleza mtini hutanguliza kiganja, na mara nyingi anayelipa ni mfupa wa mkono wa juu, unaovunjika pale ulipo mwembamba, juu kidogo ya kiwiko. Mbele ya mahali hapo unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu vidoleni. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 kinachotokea damu hiyo ikikatika: misuli hufa kwa saa chache, kisha hukakamaa na vidole vikabaki vimejikunja maisha yote.

Kushikilia mfupa kwa waya nako kuna historia yake. Mwaka 1877, jijini London, Joseph Lister alifungua goti lililovunjika, akaunganisha pia yake kwa waya wa fedha. Uthubutu wake ulitokana na asidi ya kaboliki iliyozuia usaha; bila hiyo, mgonjwa angeweza kupoteza mguu au uhai. Mwaka 1909 Martin Kirschner wa Ujerumani akaleta pini nyembamba za chuma. Mwanzoni zilikuwa za kuvutia mfupa ili unyooke. Baadaye ndipo zilipogeuzwa kuwa za kuushikilia, na waya hizo ndizo zinazoshikilia kiwiko cha mtoto.

Kwa mtu mzima aliyevunjika ncha ya kiwiko, mathalani dereva wa bodaboda, njia iliyoelezwa na Weber na Vasey mwaka 1963 inapendeza kwa ujanja wake. Waya mbili hupita ndani ya mfupa, ya tatu huzungushwa kwa umbo la nane. Msuli wa nyuma ya mkono, ambao ungevitenganisha vipande, sasa hulazimika kuvibana kila mkono unapokunjwa.

Mahali palipo mbali na mabingwa, kiwiko cha mtoto kilikuwa na tiba nyingine: mkono kuvutwa kwa uzito, mtoto akilala kitandani wiki kadhaa. Primary Surgery, kitabu kilichohaririwa na Maurice King na wenzake kwa ajili ya daktari wa hospitali ya wilaya, bado kiliifundisha mwaka 1987. Ni tiba ya heshima, ila inakula kitanda na inamfunga mama wodini wakati shamba la migomba linamngoja. Waganga wa kuunga mifupa nao wana wateja wao. Kwa muundi sibishani nao sana. Kwa kiwiko kilichovimba, vijiti vilivyokazwa kwa kamba ndivyo vinavyomaliza kazi aliyoieleza Volkmann.

Waya ni rahisi kununua. Kigumu ni dawa ya usingizi kwa mtoto, eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo na mkono uliozoea. Ndolage, Rubya na Kagondo ni hospitali za Muleba zenye historia ndefu, lakini tangu hospitali ya Bugando ifunguliwe mwaka 1971, mfupa mgumu umekuwa na njia kuu: Mwanza. Safari ilikuwa ni usiku mzima ndani ya meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, au barabara ya Biharamulo na Geita hadi foleni ya kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni imekwisha; kilomita zaidi ya 400 kutoka Bukoba zimebaki palepale.

Angalau kurudi Mwanza si lazima. Ncha za waya za mtoto huachwa nje ya ngozi, chini ya hogo. Baada ya wiki 3 au 4 huvutwa kwa koleo, kwa kawaida bila usingizi, na kazi hiyo haihitaji chumba cha upasuaji.