Kondo la Nyuma na Sukari ya Mtoto Aliye Tumboni

Wataalamu wengi wa Ulaya hapo kale walidhani kwamba damu ya mama humwingia moja kwa moja mtoto aliye tumboni. Dhana hiyo ilivunjwa mjini London mwaka 1754, John Hunter na Colin Mackenzie walipoichunguza maiti ya mwanamke mjamzito ambaye mishipa yake ilitiwa nta. Njia za damu zilionekana kuwa mbili, zikikaribiana katika kondo la nyuma bila kuungana. (Sifa ya ugunduzi huo iliwagombanisha John na nduguye William mwaka 1780.) Basi sukari, ambayo mtoto hawezi kukua pasipo hiyo, humfikiaje?

Jibu lilikawia. Mwaka 1859 Claude Bernard, Mfaransa aliyekwisha kuonyesha kuwa ini hufanya sukari, aliikuta glikojeni, yaani sukari ya akiba, katika kondo la wanyama. Kumbe kondo si chujio tu. Lina ghala yake. Lakini ushahidi wa wanyama wataka hadhari. Mwaka 1951 Huggett na wenzake wa Uingereza walionyesha kuwa kondo la kondoo huigeuza glukosi ya mama kuwa fruktosi; katika damu ya mtoto wa binadamu sukari iliyo kuu ni glukosi ile ile.

Fundisho kubwa zaidi, ingawa nalo lilitokana na kondoo, ni la Widdas. Mwaka 1952 alipiga hesabu akaona kwamba kupenya tu hakutoshi kueleza jinsi sukari ipitavyo. Lazima wawepo wachukuzi wa kuivusha. Wachukuzi hao ni protini, na mfuatano wa asidi za amino wa aliye mkuu wao ulijulikana mwaka 1985. Katika kondo la binadamu hawangoji amri ya insulini: huivusha sukari kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo haba. Kondo lenyewe hutwaa fungu lake njiani, na sehemu yake hugeuzwa kuwa asidi ya laktiki.

Katika miaka ya 1950 Jørgen Pedersen wa Copenhagen alieleza hatari iliyomo. Sukari ya mama mwenye kisukari ikizidi, huvuka. Insulini yake haivuki. Kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi. Kitovu kikisha kukatwa, sukari ya mama hukoma ghafula, na insulini ya mtoto ingali nyingi. Ndiyo sababu mtoto huyo hunyonyeshwa mapema na kupimwa damu katika saa zake za kwanza.