Wageni wa Kilimanjaro na Uhai wa Mlima

Juu ya msitu wa Kilimanjaro huota mmea mkubwa uitwao senesio. Usiku hukunja majani yake ili kulikinga chipukizi na jalidi, na majani yaliyokufa hayadondoki, bali huuvika shina kama nguo. Lobelia nayo hufumba majani yake vivyo hivyo. Mimea hiyo imeizoea baridi tangu zamani. Lakini nyayo za watu wengi na moto wa mara kwa mara ni mambo mageni kwake.

Hapo kwanza wageni walikuwa wachache. Tarehe 6 Oktoba, 1889, Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo. Baadaye wapandaji walizidi, ikabidi kuwekwe sheria. Mwaka 1963 Chuo cha Wanyamapori kilianzishwa Mweka, juu ya mji wa Moshi. Mwaka 1973 ikaundwa Hifadhi ya Taifa, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Wapandaji walikatazwa kuwasha kuni, wakaamriwa kufuata njia zilizowekwa na kushuka na taka zao.

Hata hivyo, tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka Whona, mahali pa mapumziko kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza eneo kubwa la vichaka.

Hasara ya namna hiyo huwafikia wenyeji pia. Misitu ya juu hunasa maji ya ukungu, na maji hayo husaidia kulisha chemchemi na mito ambayo Wachagga waliichimbia mifongo kabla Wazungu hawajafika. Kwa hiyo mgeni azingatiaye sheria mlimani humhifadhia mkulima wa chini maji ya mgomba wake.